Stesheneri Moshi: niache kinga ya kumbukumbu ya keneli (kiini cha mfumo) au niizime?

mama_kopi (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nina stesheneri karibu na stendi, kompyuta tatu za mtumba: i5-3470, RAM GB 4, Linux Mint. Zinajikongoja. Kijana mmoja kaniambia niweke mitigations=off, yaani kuzima kinga za prosesa, kwenye GRUB (inayowasha Linux) ziwe nyepesi. Nimejaribu moja, tofauti siioni. Niache zilivyokuja, nizime zote, au nirudi Windows 10?

kilombero_IT
Zima tu mkuu. Seva yangu ya hifadhidata nilizima, ikapumua.

mzee_wa_teminali (Arusha)
Seva yako haivinjari mtandaoni. Stesheneri ni habari nyingine.

Zamani kumbukumbu ya keneli ilikaa kwenye ramani ileile ya kila programu, ikilindwa na biti moja ya prosesa. Yaani droo ya mauzo iko hapo kaunta mbele ya mteja, unategemea kufuli. Januari 2018 udhaifu ulioitwa Meltdown ukaonyesha kwamba prosesa nyingi za Intel zinachungulia ndani ya droo kabla hazijakagua ufunguo. Linux 4.15 ikaihamishia droo chumba cha nyuma: ramani mbili (kinga hii ndiyo PTI), na programu haibakiziwi kumbukumbu ya keneli ila kipande kidogo cha kuingilia. Gharama yake ni kutembea, kila programu inapoomba faili au mtandao. Hifadhidata inaomba mfululizo, ndiyo maana inaumia. Kuchapa barua na kutoa kopi, hutahisi kitu.

Halafu hiyo off inaondoa na kinga za Spectre, udhaifu mwingine wa prosesa, ambayo watafiti waliifanya kwa JavaScript ndani ya brauza. Kwako watu wanafungua barua pepe na kujaza fomu za HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), nywila zao zote zinapita humo!

Andika hii utuletee jibu:
cat /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/meltdown

mama_kopi
Mbili zinasema "Mitigation: PTI". Niliyoichezea inasema "Vulnerable". Nimeogopa kidogo.

ryzen_njiro
Yangu ya AMD inasema "Not affected" na sijagusa chochote. Keneli inakagua prosesa kwanza ndipo inaamua. Ingekuwa kinga ya kuwasha mwenyewe, nani hapa angeiwasha?

Windows sahau. Msaada wa 10 uliisha Oktoba 2025, na 11 haiitambui rasmi i5 ya kizazi hicho. Hata HVCI, kinga yao ya kumbukumbu, ni nzito kwa Intel za kabla ya kizazi cha 7.

kilombero_IT
Kwa stesheneri nimekubali. Seva yangu siigusi 😅

mzee_wa_teminali
Mama, diski ni SSD au zile za kuzunguka?

mama_kopi
Za kuzunguka. Nikiwasha inakoroma kama mashine ya kusaga.

mzee_wa_teminali
Mchawi wako ndiye huyo. SSD, kisha RAM ifike GB 8.

mama_kopi (siku nne baadaye)
Nimefuta ile off, nikapiga sudo update-grub, inasoma PTI tena. Moja nimeitia SSD, leo imefunguka kabla sijamaliza kutoa kopi ya cheti kimoja. Hizo mbili zitasubiri msimu wa fomu za mkopo.