Mjadala: Je, mnara wa Speke ung'olewe au uongezewe maelezo?

Tangu Mahakama Kuu ya Kampala ilipoamuru, Februari 2025, kwamba mamlaka ya jiji iondoe majina na kumbukumbu za wakoloni wa Kiingereza, wapo wanaotaka agizo hilo lienee Uganda nzima. Ndugu aliyenitangulia ameandika kwamba kuongeza maelezo kwenye mnara ni njia ya waoga, na kwamba dawa ni kung'oa tu.

Kuhusu barabara, namuunga mkono kabisa. Jina la barabara halina nafasi ya ufafanuzi. Abiria anayemwambia mwendesha bodaboda ampeleke Mtaa wa Colville haelezwi na yeyote kwamba Kanali Henry Colvile ndiye aliyeongoza vita dhidi ya ufalme wa Bunyoro mwishoni mwa 1893. Hulitamka jina hilo, na kulitamka kwenyewe ni kumwenzi.

Mnara, hata hivyo, mtu huufuata kwa makusudi, akasimama mbele yake na kusoma. Mnara wa Speke uko upande wa Njeru, ng'ambo ya Jinja, nao unaonyesha mahali alipofika mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke tarehe 28 Julai 1862 akayaona maji ya Nile yakitoka Ziwa Viktoria. Maporomoko aliyoyaita Ripon hayaonekani tena, kwa kuwa yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954, na tukiuondoa mnara pia, mgeni atabaki akitazama maji matupu bila la kuuliza. Kosa la mnara huo ni kumsimamisha Speke peke yake. Mto ulikuwa na watu, na Basoga waliuita Kiyira. Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, ndiye aliyemkaribisha kwa miezi kadhaa na kumruhusu kuendelea na safari, na mkalimani wa Speke alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India. (Sisi tunaojadiliana kwa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kumkumbuka.) Tena hapohapo Jinja, pale Mpumudde, Omukama Kabalega wa Bunyoro alifariki mwaka 1923 akirejea kutoka uhamishoni Shelisheli, naye ndiye mfalme ambaye Colvile alitumwa kumpiga.

Hayo yote yaandikwe, lakini si kwenye kibao kidogo cha Kiingereza kilichofichwa majanini. Yawekwe usawa wa macho, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile za mnara wenyewe, kwa Lusoga, Luganda na Kiswahili pamoja na Kiingereza, na wazee wa Busoga na Bunyoro wayapitie kabla hayajachongwa. Bila masharti hayo, nami nitahamia upande wa wanaong'oa.

Linalonitatiza zaidi ni sanamu ya Gandhi iliyopo Jinja, kwenye chanzo cha Nile, ambako sehemu ya majivu yake ilimwagwa mwaka 1948. Chuo Kikuu cha Ghana kiliondoa sanamu yake mwaka 2018 kwa sababu ya maneno ya dharau aliyoyaandika juu ya Waafrika alipokuwa Afrika Kusini. Kwa maoni yangu ibaki, ila maandishi yake yaeleze majivu na dharau pia. Anayeona kwamba haitoshi atuambie ni maneno gani, yakichongwa hapo, yangemridhisha, au kama hayapo.