Naomba ushauri: tunataka kuezua paa la jengo la familia 12, wa chini wanagoma kuchangia

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Ni mwenyekiti wa chama cha wamiliki kwenye jengo letu hapa Dar. Paa limechoka. Mvua ikinyesha, mama wa ghorofa ya juu anapanga mabeseni sebule nzima, watoto wanalala chumba kimoja. Nataka tuezeke upya kabla ya masika, ila wa chini wanasema paa haliwahusu. Nifanyeje? Usingizi sipati.

Kipanga: Paa ni mali ya pamoja, mkuu. Kasome sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008. Itisha mkutano, muhtasari uandikwe, watu wasaini.

Mama Wawili: Kwetu Upanga baba mmoja wa chini aligoma hivyohivyo. Maji yakateremka ukutani mpaka kwenye swichi ya jikoni kwake. Alileta hela mwenyewe, tena asubuhi na mapema!

Fundi Tabata: Nunua mabati ya geji 28, achana na 30, ni nyepesi. Kabla ya hapo kagua kenchi na papi, mbao iliyooza haishiki msumari. Yaliyopo sasa ni mabati gani?

Mleta uzi: Ya zamani tu, ya kawaida. Kenchi fundi kasema ni nzima.

Kipanga: Fundi yupi tena? Mkutano mmeshakaa?

Mleta uzi: Bado. Nimeshampa advansi milioni 3 kutoka mfuko wa chama. Bei yake nafuu kwa sababu mabati ya zamani anachukua yeye, anajengea banda la kuku. Ningesubiri mkutano, masika yangetukuta. Nyie mnaolala pakavu ni rahisi kusema.

Mzee wa Pwani: Mwanangu, hela ya watu haitolewi kwa mdomo. Nimekuwa mweka hazina wa msikiti miaka mingi, hata ya ufagio nilidai risiti.

Bin Kigogo: Hii chai. Fundi gani wa Dar anashusha bei ili apewe mabati yanayovuja? Kesho atatupa namba tumchangie. Weka picha tuone.

Mleta uzi: Hiyo hapo. Kipande kilichodondokea kwenye ngazi wiki hii. Chai iko wapi?

Fundi Tabata: Subirini. Hicho si chuma. Ni kijivu, kinene, mawimbi mapana, na pale kilipokatika nyuzi nyeupe zimechomoza. Hiyo ni asbesto, saruji yenye nyuzi za madini. Ulikuwa unajua?

Mleta uzi: Najua. Ningeiandika mngeacha swali langu. Ipo juu yetu miaka yote na hakuna aliyeugua.

Dada Muuguzi: Kaka, ikiwa nzima haina shida kubwa. Balaa ni kuivunja, kuikata na kuitoboa. Vumbi lake likiingia mapafuni linakaa humo, na saratani yake inaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Huwezi kusema hakuna aliyeugua. Fundi akipanda na nyundo, atavuta yeye na watoto wa jengo zima.

Bin Kigogo: Nafuta kauli ya chai. Lakini kuku wa watu, mkuu?

Fundi Tabata: Inalowanishwa kwanza, inafunguliwa taratibu, inashushwa nzimanzima na kufungwa kwenye nailoni nzito. Grainda isiguse. Barakoa ya kitambaa haisaidii, zipo za chujio maalumu. Hiyo ni taka hatarishi, waulize NEMC, wale wa baraza la mazingira, inapelekwa wapi na nani ana kibali cha kuibeba. Banda hapana.

Mleta uzi: Gharama itapanda, na wa chini ndio watagoma kabisa. Haya, nimempigia fundi asipande Jumamosi. Mkutano Jumapili, nitawaambia yote. Advansi simdai, itakatwa kwenye kuezeka.

Kipanga: Hilo la advansi waamue wao, si wewe.

Dada Muuguzi: Na kile kipande bado kipo kwenye ngazi? Usikifagie. Kimwagie maji, kifunge kwenye mifuko miwili, pale chini futa kwa tambara bichi, nalo liingie humo humo. Watoto wapite ngazi ya nyuma.