Mama yangu yupo jikoni kwake Buhigwe, kampuni ya simu inamtoza kama yuko Burundi

Wakuu salaam, na wakubwa zangu shikamooni.

Naandika nikiwa Nkuhungu hapa Dodoma, na hasira ni ile ile ya tangu Jumatatu. Mama yangu anaishi Buhigwe, mkoa wa Kigoma, kijiji ambacho ukisimama nyuma ya jiko lake unayaona mabati ya Warundi yaking'aa ng'ambo ya bonde. Ana miaka 67. Burundi hajawahi kulala hata usiku mmoja. Simu yake ndiyo inayolala huko kila siku.

Iko hivi. Mnara wa kampuni yetu uko mbali, nyuma ya kilima, na pale nyumbani mtandao unafika kwa kuchungulia. Mnara wa jirani uko wazi kabisa upande wa pili. Simu haina uzalendo, ikikosa kwao inashika kinachopatikana. Dakika hiyo hiyo inaingia meseji: karibu Burundi, kupiga ni kiasi hiki, kupokea ni kiasi hiki. Mama hasomi meseji hizo, macho yenyewe nitayafikia. Anachojua ni kwamba jana jioni nimemrushia vocha ya 5,000, na leo nikipiga ananiambia, "Mwanangu, ile hela simu imekula yenyewe." Sijamaliza hata kumwamkia, imekata.

Na hela ya kutuma ni hivyo hivyo. Meseji inafika, menyu ya kutoa inagoma mpaka apande kwenye mparachichi wa jirani kule juu, ndipo mtandao wa nyumbani urudi. Wakala wa pale kashazoea. Mteja akifika dirishani anaambiwa, "Panda kwanza juu, mama, kisha urudi."

Hayo tulikuwa tunayavumilia. Kilichonifikisha hapa ni saa.

Mama ana mtoto wa jicho, na alikuwa na miadi ya upasuaji hapa Dodoma Jumatano. Tiketi nilishamkatia, basi la alfajiri ya Jumatatu kutoka Kasulu. Mdogo wangu akategesha simu ilie saa 8 usiku, na bodaboda wakakubaliana akae anawasubiri barabarani. Sasa wenzetu Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Katikati ya usiku simu ikavuka mpaka kama kawaida yake, ikajirudisha nyuma. Ilipolia saa 8 yake, Tanzania ilikuwa saa 9. Bodaboda alisubiri, akachoka, akaondoka na abiria mwingine. Walipofika Kasulu, pale basi lilipokuwa wakakuta muuza mahindi tu. Nauli haikurudi. Miadi mpya tumepewa Novemba. (Na simu hiyo nilimnunulia mwenyewe nikijiona mtoto mwema. Kitochi chake cha zamani hakikuwa na ujuaji wa kubadilisha saa.)

Jumatano, siku ambayo mama alitakiwa awe kitandani hospitalini, niliacha kazi kule Mtumba, nafunga dari za jipsamu, nikaenda ofisi yao ya hapa mjini. Namba, foleni, kiyoyozi. Dada wa dirishani alikuwa mpole, sina ugomvi naye. Akagongagonga kompyuta, akasema, "Kaka, mfumo unaonesha mteja yuko nje ya nchi." Nikamwambia yuko jikoni kwake. "Labda alisafiri?" Nikamwambia hana hata pasi. Basi akasema salio haliwezi kurudishwa kwa sababu huduma ilitumika. Nilipomtajia jina la kijiji, akaniuliza kama hapo siyo Burundi.

Sisi watu wa Kigoma swali hilo tunaulizwa mpaka kwenye daladala, tumeshaota sugu. Lakini siyo kutoka kwa kampuni iliyomsajili mama yangu! Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipokuwa zinazimwa, mama alikwenda kusajili mara tatu. Mashine ilikataa vidole vyake, jembe limeshafuta mistari yote. Anawe mikono, ajifute, apake mafuta, ajaribu kidole kingine. Siku ya tatu kimoja kikakubali, akarudi nyumbani anacheka. Siku hiyo alikuwa Mtanzania. Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, kila nilichomtumia kikamegwa, na hapo pia alikuwa Mtanzania. Anageuka Mrundi pale tu salio linapokuwepo.

Najua wataalamu watakuja kusema, mwambie achague mtandao kwa mkono, asiiachie simu ichague yenyewe. Tumefanya. Simu ikaandika "Hakuna huduma" kutwa nzima, na akitaka kunipigia ni kupanda kwenye mparachichi, mama wa miaka 67 mwenye jicho moja linaloona. Tukairudisha kama ilivyokuwa.

Wengine mtaniambia habari za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Naujua, uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili minara ifike mahali ambapo kampuni haioni faida. Mnara nitausubiri. Ninachohoji ni hiki: kwa nini huduma ya nje ya nchi iwashwe kwenye laini ya mtu ambaye hakuiomba? Kifurushi cha 1,000 hamkiwashi mpaka mteja abonyeze namba tano na kukubali vigezo na masharti. Hili la kumpeleka mama wa watu Burundi mnalifanya usiku amelala.

Kwa sasa mama anazima simu jua likizama, kwa hiyo nikitoka kazini simpati. Mdogo wangu ameapa kwamba Novemba hategeshi simu tena, watakwenda kulala Kasulu tangu jana yake.

Wa Ngara, Kakonko, Tunduma, nyie mnaishije na hili? Wa Sirari na Namanga afadhali, Kenya saa zetu ni moja. Kuna yeyote aliyewahi kurudishiwa salio? Alisema nini pale dirishani? Nataka maneno yenyewe, Jumatatu narudi.