Kozi ya mtandaoni ya dharura za mionzi: sehemu ya vitendo ifundishweje?

Mratibu_Mafunzo
Wakuu, naandaa kozi ya mtandaoni kwa manesi, matabibu na madaktari wa chumba cha dharura kuhusu kumpokea mgonjwa aliyetoka kwenye ajali ya mionzi. Kipi kianze, maana watu husoma vipande vipande kati ya zamu? Na kumpima mgonjwa kwa mashine ya kupima mionzi, kumvua na kumsafisha, vinafundishika kweli kupitia skrini?

Tabibu_Dharura
Mkuu, usianze na atomu. Anza na tofauti ya aliyepigwa na mionzi na aliyechafuka. Aliyepigwa tu na mionzi kama ya eksirei habaki nayo mwilini, kwa hiyo anahudumiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Aliyechafuka ana vumbi au majimaji yenye mionzi kwenye ngozi na nguo, au ameyavuta au kuyameza. Mhudumu asiposhika hili atawaogopa wote sawasawa, na anayevuja damu atasubiri mlangoni. Hilo ndilo kosa linaloua.

Kwa hiyo funzo la pili liwe mpangilio: njia ya hewa, kupumua, kuzuia damu, ndipo kusafisha. Kuvua nguo peke yake huondoa uchafu mwingi, mara nyingi asilimia 80 hadi 90. Nguo zikatwe kwa mkasi, zisivuliwe kupitia kichwani, maana vumbi litaingia puani na mdomoni. Zikunjwe taratibu upande wa nje ukifichwa ndani, bila kukung'utwa, ziwekwe kwenye mfuko ulioandikwa jina na saa.

Fizikia_Tiba
Naongezea upande wa mashine, ndiko wanafunzi wengi wanakoharibu. Mionzi ya kawaida ya chumba ipimwe kabla mgonjwa hajafika, la sivyo namba zote za baadaye hazina maana. Kichwa cha mashine kikae kama sentimita 1 kutoka kwenye ngozi, bila kuigusa, kiende sentimita 2 hadi 5 kwa sekunde. Ukikimbiza, mashine haipati muda wa kuitikia na doa linapitwa. Plastiki ya kukikinga kichwa inafaa, ila huzuia chembe za alfa (aina ya mionzi isiyopenya mbali), kwa hiyo mashine haitazisoma.

Kwenye skrini hili linafundishika nusu. Rekodi video yenye mlio, mwanafunzi asimamishe pale mlio unapopanda, kisha aweke alama kwenye mchoro wa mwili.

Nusu nyingine inahitaji mikono. Mpake mwanasesere wa mafunzo poda inayong'aa chini ya taa ya UV, wamvue na kumsafisha, kisha zima taa za chumba. Poda itaonekana kwenye vifundo vya mikono yao, pale glavu na gauni visipobandikwa kwa plasta. Kwa maoni yangu cheti kisitolewe kabla ya zoezi hilo.

Mpangilio wa kusafisha: vidonda, kisha pua, mdomo na macho, ndipo ngozi nzima. Swabu za pua zichukuliwe kabla ya kuosha uso. Maji ya uvuguvugu, sabuni, sponji laini. Nywele zikatwe ikibidi, zisinyolewe. Ngozi ikianza kuwa nyekundu, acha: ikichubuka inapitisha uchafu ndani.

Mratibu_Mafunzo
Asanteni sana. Na damu na dawa?

Tabibu_Dharura
Saa ya kutapika mara ya kwanza iandikwe. Kutapika ndani ya saa moja kunaashiria dozi kubwa ya mionzi. Hesabu ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) irudiwe kila baada ya saa 6 hivi kwa siku mbili za mwanzo. Kinachotafutwa ni kasi ya kushuka, kwa hiyo toa zoezi la kuchora grafu.

Kwenye dawa, wengi hudhani potasiamu iodidi inatibu mionzi yote. Inakinga tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi, basi. Sesiamu-137, elementi yenye mionzi, ikiingia mwilini inahitaji dawa iitwayo bluu ya Prusia. Plutoniamu na amerisiamu, nazo elementi zenye mionzi, zinahitaji DTPA, dawa inayozinasa ili zitoke mwilini.

Mfano tumia ajali ya Goiânia, Brazili, 1987: chanzo cha sesiamu-137 kutoka mashine ya tibamionzi iliyotelekezwa. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa wamechafuka, wanne walikufa. Waulize wanafunzi wangeipanga vipi foleni ambayo karibu wote hawajachafuka. Waulize pia wangeshtuka lini, kwa sababu wagonjwa wa kwanza walidhaniwa wana maradhi mengine. Kidonda kama cha moto kwa mtu asiyekumbuka kuungua, pamoja na kutapika kwa watu kadhaa wa nyumba moja: hapo simu kwa mtaalamu wa mionzi ipigwe mara moja.