Neno "magazine" si jarida tu? Msaada wa haraka wakuu

Mtafuta Riziki: Wakuu, kichwa kinaniuma. "Magazine" kwa Kiswahili si jarida? Kuna mtu ananibishia. Nahitaji jibu kabla ya kesho asubuhi.

Bi Kidawa: Asili yake Kiarabu, makhzan, wingi makhazin: ghala. Likapitia kwa Wataliano na Wafaransa, Waingereza wakalipokea karne ya 16 likiwa bado ghala, baadaye hasa la silaha na baruti. Maana ya jarida ilizaliwa London 1731, Edward Cave alipoanzisha The Gentleman's Magazine, yaani ghala la makala. "Hazina" yetu ni mzizi uleule, kh-z-n.

Babu Upongoo: Na "jarida" kwa Waarabu lilikuwa kuti la mtende lililochambuliwa majani. Hilo hamsemi.

Fundi Kompresa: Mtoa mada, unatafsiri nini?

Mtafuta Riziki: Karatasi tu ya maelekezo.

Fundi Kompresa: Ya kitu gani?

Mtafuta Riziki: Mashine ya upepo ya kupigia misumari, ya mafundi fanicha wa Keko. Nimeandika "vuta jarida, panga misumari". Kamusi ndiyo inasema hivyo! Na nakala 300 zimeshachapwa.

Pipi Kijiti: Fundi atauliza toleo la mwezi gani 😂

Mzee wa Mbagala: Chai hii. Nani anachapa 300 bila kusoma nakala ya kwanza? Weka picha.

Mtafuta Riziki: Siweki, ina jina la mteja.

Bi Kidawa: Kama ni chai basi ina tangawizi. Mwacheni.

Fundi Kompresa: Chai au si chai, andika "kikasha cha misumari". "Magazini" watu wanajua ni ya risasi. Kama mashine yenyewe ni aina ya F30, inakula misumari ya unene wa geji 18, urefu mm 10 hadi 30, bamba la misumari 100. Chomoa mpira wa upepo kwanza, bonyeza kitufe cha nyuma, vuta kikasha, laza bamba ncha zikiangalia chini, sukuma mpaka kilie "ka". Kisipofunga vizuri inapiga hewa tupu. Ukitia pini za stepla, zinakwama mdomoni.

Bi Kidawa: Usibandike stika juu ya neno peke yake. "Jarida likijaa" litakuwa "kikasha likijaa". Funika sentensi nzima.

Mtafuta Riziki: Sentensi 4 mara 300 ni stika 1,200! Si niache jarida, niweke mshale kwenye mchoro?

Fundi Kompresa: Mchoro nao umeandikwaje?

Mtafuta Riziki: Jarida.