Fedha za umma na kipato cha Waaweer: zianzie wapi?

Mkaazi wa Mokowe
Assalamu alaikum ndugu zangu. Ibara ya 204 ya Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, ili maeneo yaliyoachwa nyuma yapate maji, barabara, zahanati na umeme; na Lamu ilikuwamo katika kaunti 14 za awali. Waaweer (au Waboni), jamii ya warina asali wa msituni katika vijiji vya Basuba, Milimani na Mangai huku Lamu, wanazihitaji mno huduma hizo, lakini zahanati haimpi mrina asali soko. Fedha za kuinua kipato chake zitoke wapi, na zishikwe na nani?

Karani wa ushirika
Waalaikumu salaam. Asali ya msituni hufika ndani ya dumu la mafuta ya kupikia, ikiwa na masega na majivu, na mnunuzi huikadiria kwa jicho kisha akataja bei apendayo. Panahitajika ndoo safi, vichujio, mizani na, zaidi ya vyote, mtaji wa kumlipa mrina papo hapo, kwani mwenye njaa hangoji hundi ya ushirika. Semina zimetosha.

Msaidizi wa sheria, Amu
Ndugu karani, mizani ni muhimu, ila mimi naanza na ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, jamii iliyosajiliwa huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na mkataba wa uwekezaji katika ardhi yake hauwi halali bila ridhaa ya theluthi mbili ya mkutano wa jamii. Wavuvi wetu waliamuliwa na Mahakama Kuu fidia ya shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018, wakati ujenzi wa bandari ya Lamu umekwisha kuwaharibia; Waaweer wapewe sauti kabla ya madhara.

Mama wa mji wa Hindi, Lamu
Nakubaliana nanyi nyote wawili, na naongeza zabuni. Tangu Julai 2015 Australia imekuwa ikitenga sehemu ya kandarasi za serikali kwa biashara za wenyeji wake wa asili. Kwetu, asilimia 30 ni ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kikundi cha akina mama wa Mangai hushindana na kampuni ya vijana wa Nairobi katika fungu hilohilo. Kaunti igawe zabuni ndogondogo ambazo kikundi kama hicho kinaziweza, na mkutano wa kujadili bajeti ufanyike Basuba penyewe, kwa Kiaweer, kabla makadirio hayajapelekwa kwenye bunge la kaunti.