Mada ya kufuli la Python kwenye mkutano wa Jumamosi

Swali: Ndugu wanakikundi, nimepewa dakika 20 nieleze kufuli la lugha ya programu ya Python (GIL), lile linaloruhusu uzi mmoja tu, yaani mfuatano mmoja wa maagizo ndani ya programu, kutekeleza msimbo kwa wakati mmoja. Je, nianze na nadharia au na programu inayoendeshwa mbele ya watu?

Jibu la 1: Anza na programu, tafadhali. Tafuta namba tasa kwa nyuzi nne, kisha waonyeshe saa: muda haupungui ukilinganisha na uzi mmoja, na hapo kila mtu atataka kujua sababu.

Jibu la 2: Naunga mkono, ila usisahau kwamba toleo la 3.13, la Oktoba 2024, lilileta kwa majaribio Python isiyo na kufuli hilo.

Muulizaji: Asanteni sana. Nitabakiza dakika tano za majadiliano, maana mara iliyopita maswali yalikatizwa yakiwa yamenoga.